Mgeni wa Kumwona Mtoto

Bi Sikujua alimbusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akalamba midomo, akakunja uso. Mtoto alikuwa na chumvi. Wala si chumvi ya jasho, maana nje theluji ilikuwa imelalia magari, na mtoto mchanga ana kazi gani ya kumtoa jasho? Ilikuwa chumvi ya bahari, ile ambayo mtu aliyezaliwa Pangani hahitaji kuambiwa. Na kutoka hapo kwao Woodbridge, kando ya mto Potomac, mpaka bahari yenyewe ni safari ya kufungasha chakula.

"Anitha, umemwogesha na nini mtoto?"

"Maji tu, Mama, na ile baby wash yake." Anitha alikuwa amejikunja kwenye kochi, yumo ndani ya arobaini yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mumewe, Manirakiza, alikuwa safarini na lori. "Kwani vipi?"

"Hamna kitu."

Kitu kilikuwepo. Mtoto alikuwa halii. Alipozaliwa alilia mpaka jirani akagonga ukuta, kisha siku moja akanyamaza, akawa analala macho wazi akikitazama kiti kilichokuwa kando ya kitanda chake, mwili umempoa kama kisahani. Walimpeleka hospitali. Akapimwa damu, akapimwa hata jasho, wakaambiwa ni mzima, mfunikeni vizuri. Wamfunike na nini tena, na nyumba yote inachemka kwa hita? Kila akiwekwa kwenye mizani alikuwa amepungua, na Sikujua, ambaye kazi yake ilikuwa kuuguza wazee, aliijua sura ya mtu anayeondoka pole pole. Hakuwahi kuiona kwa mtoto.

Na kile kiti kilikuwa kinalowa. Ukikigusa mto wake unatoka na mkono wa maji, na chumba kinanuka mwani na siki. Ni hiyo siki iliyomrudisha ufukweni.

Maana mwezi mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa, Sikujua alikuwa Uingereza. Rafiki yake Flaviana, waliyesoma naye ualimu, alimwalika wakapumzike kwenye kamji fulani ka pwani. Watu walimcheka, mtu na akili zake anakwenda ufukweni Januari? Acha wacheke. Alikuwa hajapata kustarehe vile. Vibanda vya aiskrimu vimefungwa, watalii wamerudi makwao, nyumba ya wageni yote ni yenu wawili, na mwenye nyumba anawapandishia chai bila kuombwa. Upepo unakupiga kofi unacheka. Shakwe wanakunyang'anya chipsi mkononi kama wanakudai. Jioni taa za rangi zinawaka kwenye gati refu lisilo na mtu, na bahari ya kijivu inafanya shughuli zake bila kujali nani anatazama. Maumivu yote ya mgongo, ya miaka ya kuinua wazee wa watu, yalimtoka.

Flaviana alishikwa na mafua, basi siku ya mwisho Sikujua alishuka ufukweni peke yake na chipsi zake zilizomwagiwa siki. Alisimama mbele ya maji akasema, "Hodi," kama alivyofundishwa na nyanya yake. Bahari ina wenyewe, haiguswi bila kubisha.

"Karibu," sauti ikamjibu nyuma yake.

Huko ufukweni kuna mabenchi yenye vibao vya shaba, na kwenye vibao majina ya marehemu waliopenda kukaa hapo. Kwenye benchi mojawapo alikuwa ameketi bibi wa Kizungu, amevaa gauni jepesi la kiangazi, upindo umelowa. Sikujua alidhani ni katika wale Wazungu waliokaa Tanga enzi za mkonge, akafurahi kupata wa kuongea naye. Akampa chipsi. Bibi hakula. Alizileta puani, akavuta harufu yake kwa muda mrefu, akazirudisha, na Sikujua alipozitafuna hazikuwa na ladha yoyote. Akasingizia baridi.

Wakazungumza. Na wewe mwambie mtu anayengoja mjukuu wa kwanza asimseme! Bibi alisikiliza, kisha akasema, "Mimi sijapata kupakata mtoto."

"Basi karibu kwetu, bibi! Akizaliwa, uje umwone."

Sisi tunakaribisha kama tunavyopumua. Mtu unamwambia karibu chakula na sufuria imeshaoshwa, naye anasema ahsante anapita zake, hakuna aliyedanganywa. Bibi yule hakupita. Alimshika Sikujua mkono kwa vidole baridi, akasema, "Nitakuja."

Sasa, alasiri moja, Anitha kapitiwa na usingizi kwenye kochi, Sikujua alikuwa jikoni akimkorogea uji wa pilipili manga. Monita ya kumsikilizia mtoto ilikuwa kando ya jiko. Ikaanza kuvuma. Akadhani ni betri, mpaka alipogundua kuwa ule uvumi unakuja na kurudi, unakuja na kurudi, na chini yake kokoto zinaburutwa. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akiketi.

"Mzuri," ilisema monita. "Mzuri, na ana joto."

Mwiko ulimponyoka, naye akapanda ngazi mbio, harufu ya siki ikizidi kila anapopanda, na zulia likizidi kulowa chini ya nyayo zake, na mlango wa chumba aliouacha wazi sasa umerudishwa, akausukuma kwa bega ukakataa kama kuna maji mengi yanausukuma kutoka ndani, akasema bismillahi akasukuma tena, ukafunguka, na mtoto hakuwa kitandani. Alikuwa juu ya kile kiti, hakukigusa, ameelea kiasi cha kiganja juu ya mto, shingo yake imeshikiliwa vizuri na mkono usioonekana, akipembezwa taratibu.

Alimrukia akamvuta kifuani. Upande wa pili vidole vilimwachia kimoja kimoja, bila haraka.

"Mama?" Anitha alikuwa mlangoni. "Mama, what was that? Nani alikuwa anaongea?"

"Nong'ona," Sikujua alisema. "Mpigie Mwalimu Shekue."

Mwalimu Shekue aliishi Sterling. Siku za kazi alibeba abiria wa uwanja wa ndege wa Dulles, Jumamosi akawafundisha watoto Kurani. Alifika na mabuti ya theluji, akayavua mlangoni, akasoma mpaka sauti ikakauka. Mwisho akakitazama kiti, kikawa kinadondosha maji vile vile. Akamvuta Sikujua kwenye korido.

"Nani alimkaribisha?" alinong'ona.

Sikujua alimweleza yote, machozi yanamtoka.

"Ndiyo maana. Aliyevamia ningemtoa. Huyu ni mgeni wako, kaitwa, na mgeni hafukuzwi, mama. Huagwa. Mpikie, mfungie zawadi, msindikize mwenyewe mpaka majini. Usipofanya, atakaa hapo akimpakata mpaka joto la mtoto limwishe. Na tukifika, tafadhali chunga ulimi wako. Usije ukamwambia karibu tena."

Sikujua alikaanga chipsi, akamwaga siki bila kupima, akaziweka mbele ya kiti pamoja na doti ya kanga mpya. Harufu ikakatika ghafla, kama iliyovutwa. "Bibi," alisema, "umetutembelea, ahsante. Nakusindikiza."

Anitha alibaki ndani na mtoto. Garini Sikujua aliketi mbele na kanga mapajani. Walipoondoka, gari likaanza kulia ti-ti-ti, taa nyekundu ikisema kuna abiria nyuma hajafunga mkanda. Mwalimu hakugeuka. Alizidisha kusoma, na vioo vya nyuma vikaingia ukungu kutoka ndani.

Jua lilikuwa linazama walipofika Potomac. Kando ya mto barafu ilikuwa imeganda nyembamba. Sikujua alitembea kwenye theluji kuelekea majini, na kila alipokanyaga, ubavuni mwake unyayo mtupu ulijichora. Aliibana midomo yake kwa nguvu. Usiseme karibu tena. Usiseme karibu tena. Akaitupa kanga, ikaelea, ikaanza kwenda kinyume cha mkondo. Barafu ikapasuka hatua kwa hatua kuelekea katikati ya mto.

"Kwaheri, bibi," alisema, akanyamaza hapo hapo. Ilimuuma kama kumnyima mtu maji, lakini alinyamaza.

Simu ikalia mfukoni. "Mama!" Anitha alikuwa anapiga kelele. "Mama, analia! Sikia! Na amepata joto, oh my God, Mama, amepata joto!" Na kweli, nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa anapasua anga. Sikujua alicheka, akalia, akapiga magoti kwenye theluji na simu sikioni. Kwa siku zote zile hakuwa amepumua sawasawa, na sasa alipumua, na kila kitu ndani yake kikalegea, na ulimi pia.

"Ahsante kwa chakula," ilisema sauti kutoka majini, kwa adabu sana. "Na nyinyi karibuni kwangu. Mje na mtoto."

"Ahsante, bibi," Sikujua alijibu, kama alivyojibu maisha yake yote. "Tutakuja."

Nyuma yake funguo za gari zilianguka. "Mama," Mwalimu Shekue alinong'ona, "umesema nini?"

Mto ulikuwa umetulia. Simu ilikuwa bado sikioni, na ndani yake mtoto alilia kidogo tena, kisha akanyamaza, kama mtoto aliyeahidiwa kupelekwa pwani.