Rangi ya Crown

Siku Kefa Siwale alipomkanyaga Fides, alikuwa anatembea kinyumenyume. Ilikuwa kwenye barabara kuu ya Tunduma, pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, na macho yake yote yalikuwa kwenye Mark X nyeusi iliyokuwa ikijipenyeza katikati ya matela. Alirudi nyuma hatua moja ili aione vizuri, akarudi tena, na kisigino chake kikatua juu ya mguu wa binti wa watu. Mfuko wa maparachichi ukamponyoka binti, yakabingirika mpaka uvunguni mwa lori.

"Pole, dada," alisema, wala hakugeuza shingo.

"Hiyo pole ni yangu au ya hilo gari?"

Ndipo Kefa akageuka. Aliona msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha bluu limemkaa sawasawa, raba zake nyeupe na moja sasa ina muhuri wa soli ya kiatu cha Kefa. Alikuwa amekasirika, na bado alikuwa mzuri, jambo ambalo si wengi wanaoliweza. Kefa akapiga magoti, akaingia chini ya lori na kuanza kuokota, huku dereva akimfokea kwa Kibemba kutoka juu. Alipotoka na parachichi la mwisho, shavu zima limejaa grisi, Fides alikuwa anacheka.

"Haya, nimekusamehe," alisema. "Hata namba ya simu huniombi?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Ndivyo walivyoanza. Kefa ana duka la matairi na rimu pale kando ya barabara. Fides ni karani kwa Mzee Ombeni, wakala wa forodha anayeshughulikia magari yanayopita kwenda Zambia na Kongo. Wazazi wake wako Igamba, wanalima kahawa, na maparachichi yale yalikuwa ya mama yake. Walipendana haraka, na walipendana kweli, hilo nisiwafiche. Tatizo lilikuwa moja tu, na Fides aliligundua mapema kupitia simu.

"Umekula, mpenzi?" Kefa aliuliza jioni moja.

"Nimekula. Nimesuka leo. Picha niliyokutumia umeiona?"

"Nimeiona, umependeza kinoma. Hivi Fides, hilo gari nyuma yako ni la nani? Zile rimu siyo za kwake, amebadilisha."

Fides akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Fides? Haloo?"

"Lala salama, Kefa."

Ugonjwa wenyewe wa magari alikuwa anaulea na wenzake wawili. Kila jioni, duka likifungwa, Kefa aliketi pale kwa Gibson, mwenye sehemu ya kuoshea magari, pamoja na Gwamaka, fundi wa magari mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kazi yao ilikuwa kuyahukumu magari yaliyopita barabarani, na hukumu zao hazikuwa na rufaa. Mwezi huo walikuwa hawana habari nyingine ila Crown mpya. Hakuna aliyekuwa ameiona kwa macho. Waliijua kwa picha za simu tu, lakini ungewasikia ungesema wameizaa.

"Ile siyo sedani tena," alisema Gwamaka. "Imenyanyuka mno. Sedani gani inavaa viatu virefu?"

"Ndiyo raha yake!" Gibson akamrukia. "Crown ya zamani ukifika kwenye tuta unaomba abiria washuke kwanza. Hii inapita hivi, wala haigusi."

"Na betri je? Haibridi ile, nusu mafuta nusu umeme. Ikizingua hapa Tunduma nani ataifungua? Wewe na sabuni yako?"

"Lakini mafuta inanusa tu, haili."

"Tatizo ni tairi," Kefa akaingilia kwa sauti ya hakimu. "Inchi ishirini na moja. Ikipasukia huko njia ya Ivuna unalala na fisi. Mimi mwenyewe dukani sina. Ila mkao wake, jamani! Ile taa ya mbele imekatiza kutoka huku mpaka huku. Siku ndinga ile ikipita hapa, hata kama niko bafuni, niiteni nitoke na povu."

Fides alikuwa ameketi pembeni yake, anamenya karanga.

"Na mimi nikipita?" aliuliza.

"Wewe si unapita kila siku, mama."

Wenzake wakacheka. Fides hakucheka. Alikung'uta maganda kwenye gauni, akawaaga vizuri, na Kefa akainuka kumsindikiza bila kujua kwamba amekosea.

Walipofika karibu na geti la nyumba aliyopanga, Fides alisimama.

"Mjomba wako Samwel anakwenda Igamba Jumamosi ya wiki ijayo kupeleka posa," alisema. "Baba ataniita aniulize kama nimekubali. Nikwambie ukweli? Sijui nitamjibu nini."

Kefa akashtuka. "Fides! Hunipendi?"

"Nakupenda mpaka najishangaa. Lakini huwa hunioni, Kefa. Nikivaa, nikisuka, nikilia, wewe unaona kilichopita nyuma yangu. Nitaishije na mtu ambaye mpaka niote matairi ndipo anitazame?"

"Nitabadilika. Naapa."

Gari likapita nyuma ya Fides, na kwa mlio wake lilikuwa Subaru. Kefa alikaza shingo mpaka mishipa ikamtoka, asitazame. Fides aliiona ile juhudi, akatabasamu kidogo, akaingia ndani. Hakusema ndiyo.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, Kefa alikuwa dukani anashusha matairi aliposikia watu wanapiga miluzi. Alitoka mpaka barazani. Upande wa pili wa barabara, foleni ya magari madogo ilikuwa inatambaa kuelekea mpakani, na katikati yake ilikuwamo Crown mpya. Upande wa kulia, uliokuwa karibu naye, ameketi mwanaume mnene mwenye kofia pana, suti ya rangi ya maziwa, mkono ameutoa dirishani, pete inang'aa. Na pembeni ya mwanaume huyo, kushoto, alikuwa Fides wake, anacheka.

Kefa alitoa simu akapiga. Aliiona foleni inasogea, gari linakwenda, simu inaita mpaka ikakata. Fides hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea.

Jioni ndipo Fides alipopiga, sauti yake imejaa furaha.

"Kefa! Nimeona simu zako, sikuweza kupokea pale."

"Najua hukuweza. Nimekuona."

"Umeniona? Kweli umeniona? Jamani! Ukaonaje?"

"Unaniuliza nimeonaje?"

"Nilikuwa natetemeka mwenzio, lakini nikajikaza. Sema basi, nilipendeza?"

"Mlipendezana. Wewe, gari, na mwenye gari. Hongera."

"Mbona sauti hiyo? Mimi nilijua wewe ndiye utakayefurahi kuliko wote."

"Nifurahi! Nipige na vigelegele?"

Fides aliposema tena, sauti ilikuwa imepoa. "Kumbe uko hivyo. Mwanamke akipanda ngazi moja, wewe unaumia."

"Ipande tu hiyo ngazi. Mimi siishikilii."

Akakata. Kisha, kwa hasira ileile, akampigia mjomba wake. "Shikamoo, Mjomba. Ile safari ya Igamba Jumamosi, tuiache kwanza."

Sasa niwaambie alichokuwa hakijui bwana huyu mwenye hasira. Lile gari lilikuwa linakwenda Lubumbashi, na Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani wake uko kushoto. Mwenye kofia pana alikuwa tajiri mwenyewe, amekuja kulipokea gari lake na hajawahi kuendesha hata trekta. Aliyeendesha alikuwa Fides. Kwa majuma mengi, kila alipomwambia Kefa kwamba anakwenda Vwawa kwa dada yake Ketrina, ni kweli alilala kwa Ketrina, lakini mchana alikuwa shule ya udereva. Alitaka siku moja amfuate Kefa kwenye mapenzi yake ya magari badala ya kuyanunia. Siku hiyo dereva wa ofisi alikuwa anaumwa, na Mzee Ombeni akasema, "Fides, leseni si unayo? Lisogeze taratibu mpaka forodhani." Alilisogeza, roho mkononi. Na mtu aliyetaka kumwonyesha kuliko wote akamwambia hongera kwa sauti ya kutema mate. Alilia usiku ule mpaka mto ukalowa.

Ijumaa jioni Kefa alirudi kwa Gibson kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni shati tu halikupigwa pasi.

"Mwamba huyo!" Gibson akamlaki. "Wewe unaiona Crown kabla yetu halafu unajificha? Mimi nilikuwa Mbozi kwenye msiba, imenipita. Kaa hapa, nisimulie. Rangi gani?"

Kefa akafikiri. "Sijui."

"Hujui vipi? Nyeupe? Ile yenye mgongo mweusi?"

"Sijui, Gibson."

"Ile taa ya mbele je? Iko kama kwenye picha?"

"Sikuiona."

Gibson akamtazama Gwamaka. Gwamaka akaweka kikombe cha chai chini. Hata alipougua malaria, Kefa alitaja mwaka wa gari lililompeleka hospitali.

"Kefa," Gwamaka alisema taratibu, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, "unaumwa?"

"Nilimwona Fides humo ndani!" Kefa akalipuka. "Amekaa kushoto, anacheka, na lile jitu la kofia kulia linaendesha. Haya, mmeridhika?"

"Linaendesha na nini?" Sauti ya Gwamaka ilirudi yote. "Mimi lile gari nimelizunguka pale forodhani mpaka nikafukuzwa. Usukani uko kushoto, bwana! Ni la Kongo! Aliyekaa kushoto ndiye dereva!"

Kefa akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mtu wa magari, mzaliwa wa mpakani, aliyeona magari ya Kongo yakipita tangu akinyonya. Gibson alianza kucheka, akacheka mpaka akashikilia mpira wa maji asianguke. Kefa hakumsubiri amalize. Alishika njia kuelekea ofisini kwa Mzee Ombeni, nusu anatembea, nusu anakimbia.

Alimkuta Fides anafunga makabati. Mzee Ombeni alimtazama kijana, akamtazama karani wake, akakumbuka kwamba ana jambo la kumuuliza mlinzi, akatoka.

"Shida gani?" Fides aliuliza bila kumtazama. "Gari lako limekwama forodhani?"

"Fides, nisamehe. Nilidhani yule mzee ndiye anayeendesha. Nilidhani amekuchukua."

Fides aligeuka polepole. Kwanza alishangaa, kisha ikamwingia, kisha akakasirika upya, na safari hii kuliko mwanzo.

"Kwa hiyo simu ile yote… ulidhani nimepata bwana! Wewe, Kefa! Wewe unayeona rimu kwenye picha ya nywele zangu! Hukuuona usukani mzima uko mbele ya kifua changu?"

"Sikuuona."

"Usinidanganye. Rangi ya gari ilikuwa gani?"

"Sijui. Gibson kaniuliza sasa hivi nikashindwa kumjibu. Fides, sikuliona gari."

"Uliona nini sasa?"

"Nilikuona wewe. Ulivaa lile gauni la njano ulilolishona Pasaka. Nywele umezifunga nyuma na kitambaa cheupe. Sikio la kulia halikuwa na hereni. Ulikuwa unacheka, lakini mdomo wa chini umeuuma, kama unavyofanya ukiogopa, na katikati ya wivu wangu wote nikajiuliza, huyu anaogopa nini? Nilitaka nivuke barabara nije nikuulize. Nikashindwa."

Fides alipeleka mkono kwenye sikio lake la kulia. Hereni ile alikuwa ameitafuta siku nzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amegundua kwamba hanayo. Machozi yakamjaa. Aliketi juu ya meza, na Kefa akaja akasimama karibu yake, bado anahema.

"Crown ipite mbele yako," alisema Fides, "na wewe uhesabu hereni zangu?"

"Ndiyo ilivyokuwa."

"Mjinga wewe."

"Najua. Hongera ya udereva, mpenzi. Naitoa upya, ile ya kwanza irudishe."

Fides alicheka na kulia kwa pamoja, akampiga kifuani, halafu ule mkono ukabaki pale pale kifuani. "Na mjomba Samwel umeshamzuia?"

"Nimemzuia. Sema neno tu, nampigia sasa hivi. Fides, unanikubali?"

"Nakukubali, baba. Mpigie kabla sijafikiri vizuri."

Mjomba aligomba, akauliza kama vijana wa siku hizi wanadhani posa ni mchezo, kisha akasema suti yake ilikuwa bado haijarudishwa sandukuni. Fides naye akampigia mama yake Igamba.

"Mama, shikamoo. Wageni wanakuja kesho… Ndiyo, walewale… Ndiyo, kijana wa matairi." Alisikiliza, kisha akaziba simu kwa kiganja na kumtazama Kefa. "Mama anauliza mnakuja na gari gani, ili watakaowapokea barabarani wawatambue."

Nje, magari yalikuwa yanapita kuelekea mpakani, moja lina mlio mzito wa kutamanisha. Kefa alikuwa anamfuta Fides chozi kwa kidole gumba.

"Mwambie lolote litakalowahi," alisema.

Fides akampa mama yake jibu hilo kama lilivyo, na upande wa pili wa simu, huko Igamba, kigelegele kikapigwa.