Rubani Aliyetafuta Sitaha

Harufu ilianzia jikoni, mchana, saa ambayo mji wa bandari wa Punta Alta mzima hufunga madirisha na kulala. Ilikuwa ya mafuta ya ndege yaliyochanganyika na maji ya bahari. Norma Echániz akamkuta mumewe ameinamia sinki, akinong'ona.

"Vumilia, Tito. Tunaigeuza meli."

"Rubén, unaongea na nani?"

Rubén alizidi kuliinamia sinki. Enzi zake ndiye aliyeziongoza ndege kutua kwenye manowari ya taifa ya kubeba ndege. Tito Larralde, rubani, alipotelea baharini siku injini za meli hiyo kongwe zilipozimika, ikashindwa kugeuzwa kuelekea upepo, naye asipate pa kutua. Baadaye meli ikawekwa gatini ikaota kutu, ndege zake zikabaki bandani bila vipuri.

Norma alimwita doña Eulogia, mganga wa mtaani. Bibi akanusa hewa.

"Nyumba yako inanuka kama kituo cha mafuta, mwanangu." Kisha akainamia sinki, tabasamu likamfifia. "Huyu anauliza meli iko wapi. Wewe, Rubén, unamjibu nini?"

"Kwamba inakuja," Rubén alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii. Ningemwambiaje?"

"Mwambie kweli, aende zake. Ukizidi kumdanganya atawaangushia paa."

Rubén akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Tito, ndugu yangu. Meli iliuzwa. Waliivuta hadi India, wakaikatakata kuwa vyuma chakavu. Hatuna nyingine."

Halafu sauti ikapanda kutoka kwenye bomba, imechoka.

"Basi natua hapo ulipo."

Ngurumo ikaanza mbali upande wa bahari, ikakaribia, vikombe vikagongana kabatini, mbwa akajisukumia chini ya kitanda, Eulogia akasahau sala yake katikati, na ngurumo ikashuka, ikashuka hadi kitu kizito kikakwaruza vigae vya paa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kikasimama.

Buti zenye maji zikapita ukumbini. Kiti kikavutwa mezani, na hakuna aliyeonekana kukikalia. Norma akamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, chai ya majani ya kwao, akakisogeza mbele ya kile kiti.

"Asante, shemeji," sauti ilisema kwa upole. "Rubén, marubani wenzangu bado wako angani, nao wanatafuta pa kutua. Niwaite?"