Nani Atakupokea Nyumbani

Simu ilipokelewa kabla haijaita.

Mama Idhini aliitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa kwenye chumba kile kisicho na dirisha, ukuta mmoja na mashine ya MRI ya hospitali, kazi yake moja tu: kuipigia kampuni ya bima na kuomba idhini kabla mgonjwa hajapigwa picha. Bima aliijua. Kwanza muziki. Kisha maswali: dawa katumia wiki sita? X-ray ilionyesha nini? Kisha subiri, siku tano, siku kumi, apone atakayepona na afe atakayekufa. Hakuwahi kuandika uongo kwenye fomu hata mara moja, wala kumaliza wiki bila kugombana na mtu.

Leo hakukuwa na muziki. Ilikuwa sauti ya mwanamume, laini, ya karibu mno.

"Nakusikiliza, mama."

"Goti la kushoto," alisema, akifungua faili la mwalimu mstaafu aliyeketi nje na mkongojo wake. "Dawa katumia wiki..."

"Achana na dawa. Nani atampokea nyumbani?"

Swali lenyewe halikuwa geni. Wapo wanaochomwa sindano ya kuwatuliza mle ndani ya mashine, na lazima pawe na mtu wa kuwapokea. "Anaishi peke yake," akajibu. "Hakuna."

"Ameidhinishwa."

"Kumbe mnaweza!" Mama Idhini akafoka kwa furaha. "Miaka yote hii mlikuwa mnatuzungusha tu!"

Jioni alirudi na furaha yake ikiwa haina wa kupewa. Akafungua kufuli, akaita, "Hodi!" Ndivyo alivyofanya kila siku tangu mumewe afariki, miaka mitatu sasa. Ulikuwa mzaha wake na nyumba. Nyumba ikanyamaza. "Haya, hawapo," akasema, akavua viatu, akala wima, kwenye sufuria.

Sauti ile iliendelea wiki mbili. Wenye waume, wake au watoto wa kuwapokea waliambiwa wasubiri. Wapweke walipita papo hapo. Mama Idhini akaona ni haki. Angalau yupo anayewaonea huruma.

Kisha mwalimu mstaafu akarudi kuchukua majibu. Hakuwa na mkongojo. Shati lilimning'inia kana kwamba limetundikwa msumarini, mashavu yamezama, lakini uso ulimeremeta kama wa bwana harusi.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona umekonda hivyo?"

"Marahaba, binti yangu. Hatukai sana. Mwenzangu hapendi taa."

"Mwenzako yupi?"

Mzee akageukia kiti kitupu kando yake, akatabasamu. Chumba kikajaa harufu ya majivu ya moto yaliyomwagiwa maji.

Alipoondoka, mpiga picha wa MRI alichungulia mlangoni. Alikuwa kijana wa mizaha, lakini siku ile midomo ilikuwa imemkauka.

"Dada, njoo. Na usinyanyue sauti."

"Kwa nini nisi..."

"Dada! Sikiliza."

Mashine ile hailali. Hata ikiwa tupu hulia chwi, chwi, chwi, kama kifaranga kilichofungiwa kabatini. Walipoanza kusema, ilinyamaza.

"Tukinyamaza italia tena," alinong'ona. "Inatusikiliza." Akaigeuza kompyuta. Goti la mwalimu lilikuwa pale, jeupe kwenye giza, na ndani ya nyama, yamezunguka mfupa kama mtu anavyoshika mkono wa mlango, yalikuwa makucha ya vidole vyembamba. Mama Idhini alivihesabu. Vilikuwa sita.

"Na wengine?"

"Wote uliowapatia idhini haraka haraka. Mmoja begani, mmoja kiunoni. Yule wa kichwa sikuonyeshi."

Kuanzia siku ile Mama Idhini akaanza kusema uongo. Huyu ana binti, yule ana kaka, bibi huyu ana wajukuu watano. "Basi asubiri," sauti ilisema kila mara, na wagonjwa wakasubiri na maumivu yao, wakamtukana, naye, mwenye hasira za karibu, akameza matusi yote. Watu tisa aliwaokoa hivyo. Kila uongo akauandika kwenye fomu kwa mkono wake.

Ndipo jicho lake la kulia likaingia ukungu. Daktari wa macho hakumficha. "Kuna kitu kinagandamiza nyuma ya jicho. Bila picha sipasui. Wiki hii ikipita, jicho limekwenda, na la pili litalifuata."

Akaketi kwenye chumba chake kisicho na dirisha, akapiga simu, safari hii kwa jina lake mwenyewe.

"Nani atakupokea nyumbani?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, "dada yangu", maneno mawili tu, lakini ukutani chwi-chwi ikakatika, na harufu ya majivu ikapanda kutoka chini ya meza, na akaiona sahani yake moja kwenye kabati la sahani sita, na upande wa kitanda ambao hata usiku wa baridi hakuwahi kuusogelea, na ule mlango anaoubisha kila jioni kama mwehu, akijua hakuna wa kuitika.

"Waongopee wengine, mama," sauti ikasema polepole. "Mimi nimekusikia ukibisha hodi miaka mitatu."



"Hakuna," akasema. Na hakujua kama amejibu au ameomba.

"Umeidhinishwa."

Alipigwa picha siku ya pili. Mpiga picha alimsaidia kushuka bila kumtazama, kisha akamkimbilia kwenye korido.

"Dada, usiende kwako leo. Njoo kwangu, mke wangu atatandika."

Miaka kumi na moja ukuta kwa ukuta, na hilo neno "njoo kwangu" ndiyo kwanza analisikia. Akamgusa bega. "Umechelewa, mdogo wangu."

Mlangoni kwake alisimama na ufunguo mkononi mpaka majirani wakawasha taa zao. Angeweza kuingia kimya. Angeweza kugeuka.

"Hodi," akaita, kwa sauti ndogo kuliko zote.

Ndani, kiti kilisogezwa.

"Karibu. Mbona umechelewa?"

Mama Idhini akafungua mdomo apige yowe, akashangaa kujisikia anajieleza, foleni ilikuwa ndefu, na mvua nayo, na miguu inaniuma, akieleza huku anavua viatu, akieleza huku anaingia gizani, na akaurudisha mlango nyuma yake kwa upole, asimsumbue aliyemo.