Aliyelala Haamshwi

"Toa mkono begani mwangu," Muuguzi alisema. "Jibu nilichokuuliza."

Mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, aliurudisha mkono mfukoni. Walisimama mlangoni mwa wodi. Ndani amelazwa baba yake Muuguzi, kiharusi kimempoozesha upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Kilimpata asubuhi darasani kwa Mwalimu, watu wanakojifunza kutafakari na kunyoosha viungo polepole kwa mtindo wa Mashariki ya Mbali.

"Nimeshakwambia, mpenzi. Mwisho wa somo tunalala chali, macho tumefumba. Kanuni unaijua: aliyelala haamshwi. Nilidhani mzee amezama katika utulivu."

"Hukuona kitu?"

"Ningeona nini? Hata mimi nilifumba."

Simu ya Muuguzi ikatetema. Alikuwa shangazi yake, ambaye darasani asubuhi ile alilala mkeka wa jirani na kaka yake, baba wa Muuguzi. Muuguzi akausoma ujumbe kwa sauti, kama anayesoma cheti cha dawa:

"Mwanangu, limenikaa kooni. Nilichungulia. Mchumba wako alimwinamia baba yako, akamtazama usoni, akamfunika blanketi hadi puani. Kisha akaenda kuwasindikiza wale wageni wa hoteli waliokuja kumpa kazi. Nikafumba tena, nikijua mjuzi ni yeye. Nisamehe."

"Shangazi naye! Mtu anatafakari huku anachungulia?" Mwalimu alijaribu kucheka.

"Mdomo wa baba ulikuwa umepinda?"

"Mpenzi, vuta pumzi kwanza..."

"Pumzi ninayo. Ulikuwa umepinda?"

"Kidogo. Nikasema wageni wakitoka tu... Kazi ile ilikuwa ya kutupatia nyumba, mimi na wewe."

"Kiharusi hakingoji wageni. Angeletwa mapema, daktari angekuwa na la kufanya. Harusi haipo."

Hakulia. Aliingia kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Mwalimu akamfuata.

"Niache nimuage tu."

Mzee alipomwona, macho yalimng'aa. Yeye ndiye aliyemchagua kijana huyu kabla hata binti hajamkubali. Mkono uliobaki na nguvu ukanyanyuka, ukamkamata mkwe kifundo cha mkono, ukakaza.

"Unaona?" Mwalimu alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Yeye hajanikataa."

"Hajui," alisema Muuguzi, akaanza kuvibandua vidole vya baba yake, kimoja kimoja.