Likizo ya Mabwana wa Mfalme John

Kila jioni, kabla hata hajavua viatu vya kazi, Bi Tatu alimwuliza binti yake swali moja: kitabu cha historia umesoma? Na kila jioni Sabra alijibu, "Ndiyo, mama," macho yakiwa kwenye simu. Bi Tatu alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya The Pearl, mtaa wa matajiri jijini Doha, na hadi afike kwao mtaa wa Fereej Bin Mahmoud alikuwa hoi. Aliamini alichoambiwa.

Darasa la Sabra lilikuwa likisoma mambo makubwa yaliyoibadilisha Ulaya ya zama za kati. Wengine walipewa tauni, wengine vita. Sabra alipewa Magna Carta, na Alhamisi angeieleza mbele ya wazazi. Atakayeeleza vizuri ndiye angeliwakilisha darasa katika mashindano ya shule, na Sabra aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona. Mama yake alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akaitoa Ijumaa yake ya mapumziko, ili tu aje kumsikiliza.

Jumatano ikafika, kitabu bado kimo kwenye mfuko wake wa nailoni. Sabra akamkimbilia mjomba wake Haji, aliyekuja kula. Sasa huyu Haji, jamani, alikuwa dereva wa familia moja, na tangu azaliwe neno "sijui" halijamtoka kinywani. Ukimwuliza njia asiyoijua atakuelekeza, tena kwa mkono mzima. Akataka kujua hiyo Magna Carta ni kitu gani. Sabra akasema yeye alilosikia darasani ni kwamba mabwana wenye ardhi walimlazimisha mfalme wao akubali mkataba.

"Mkataba?" Haji akasogeza sahani pembeni. "Hapo umefika. Mie nimetia saini mikataba mitatu hapa Doha. Andika."

Sabra akaandika neno kwa neno.

Alhamisi darasa lilijaa wazazi. Bi Tatu alikaa mbele na sare yake ya hoteli, Haji kando yake, kifua mbele. Sabra akaanza vizuri. Alisema kwamba mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza aliwaonea mabwana wa nchi yake hadi wakamkalisha chini wakubaliane. Kisha akaeleza kwamba mabwana hao walipewa miezi mitatu ya majaribio, chakula, malazi, na kila baada ya miaka miwili likizo yenye tiketi ya ndege, kwenda na kurudi.

Kule nyuma Reuben, mlinzi kutoka Kenya, baba yake Kevin aliyesoma darasa moja na Sabra, akauliza kwa upole kama malazi hayo yalikuwa na AC. Sabra, ambaye kichwa kilishaanza kumzunguka, akajibu kwamba ilikuwemo, kila chumba. Watu wakavunjika mbavu. Haji akainama kufunga kamba za viatu, naye amevaa makubadhi.

Madam Millicent, mwalimu wa historia, hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Aliuliza habari hizo zimo ukurasa gani. Sabra angeweza kutaja ukurasa wowote. Lakini mama yake alikuwa akimtazama kwa imani tupu, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Sijakisoma, Madam," akasema. "Hata kukifungua sijakifungua. Na mama nimemdanganya."

Nafasi ya mashindano akapewa Kevin, na Sabra aliumia sana. Madam akampa hadi Jumapili, shule ifunguliwapo baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, aeleze upya. Siku mbili hizo alisoma mpaka macho yakamwuma. Jumapili akaeleza jinsi mfalme alivyokubali kwamba yeye pia yuko chini ya sheria, na kwamba mtu huru asifungwe bila hukumu ya haki. Akaongeza kwamba wiki chache baadaye mfalme aliukana mkataba, vita vikazuka, na alipokufa ukatolewa tena. Kevin akamwuliza mabwana walikuwa wangapi siku ile. Sabra akajibu kwamba hilo halijui, atalitafuta. Madam akampa alama nzuri.

Bi Tatu aliposikia, alimketisha bintiye karibu naye.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu," akasema. "Kutojua si aibu, utajifunza. Yule mfalme wako alikuwa na askari na ngome, na alipovunja neno lake watu walimgeuka. Wewe huna ngome. Una neno lako tu. Litunze."