Aliyebaki Langoni

Siku Asheri alipoteremka kwenda Same kwa mdogo wake ilianza kama siku nyingine yoyote ya kiangazi pale Suji. Alimwagilia mboga zake, akaoga, akajaza maji ya chemchemi kwenye chupa ya safari, kisha akamwambia mkewe Yudith kwamba angerudi na gari la jioni. Yudith alikuwa akimfungia ndizi kwenye gunia huku akicheka.

"Mtu mzima na ndevu zako, unafunga safari kwenda kucheza gemu!"

"Nakwenda kumwona Lukasi," Asheri alijitetea. "Gemu ni kisingizio tu."

Na kweli alikuwa na wasiwasi. Lukasi, fundi simu mjini Same, hakuwa amepanda mlimani tangu masika, na kila alipopigiwa simu alijibu neno moja: njoo wewe, kaka, tumalizie ile misheni yetu.

Inafaa ielezwe hapa desturi ya ndiva ya ukoo wao, yaani lile bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji ya mashamba. Jioni mtu mmoja hushuka chini kuziba lango la maji kwa gogo na tope. Hasukumwi mtu. Anayeshuka hutamka mwenyewe, "Nitabaki mimi," na wenzake hutangulia ukingoni, lakini hawaondoki. Humwita kwa jina mpaka apande. Kumwacha mtu langoni bila kumwita ni jambo ambalo hata mahasimu hawafanyiani.

Tangu utotoni Asheri ndiye aliyeshuka, na Lukasi ndiye aliyeita. Lango hilohilo lilimkata Asheri nusu ya gumba la kushoto, gogo lilipoteleza, na siku hiyo Lukasi alimwita huku akilia hadi sauti ikamkauka.

Masika yaliyopita, mti mkubwa uliosimama juu ya ndiva, ambao wazee husema una mwenyewe asiyeonekana, ulikutwa umekatwa. Wazee waliuliza nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyekiri.

Same kulikuwa na upepo wa vumbi. Katika mji ule hakuna nyumba isiyo na madumu ya maji ya akiba. Kwa Lukasi madumu yote yalikuwa yamepinduliwa, midomo chini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi? Na madirisha umefunga mchana wote huu?"

"Mwanga unasumbua runinga."

Asheri aliweka chupa yake mezani. Lukasi aliisogeza mbali kwa ncha ya kidole, bila kuitazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Juu yao boriti za paa zilikuwa mpya, zikinukia ubichi, na katikati ya mojawapo palikuwa na doa la unyevu, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

Wakaketi, kila mmoja na pedi yake ya gemu. Misheni yao ilikuwa ya kijasusi, katika jiji la karne zijazo ambako magari hupaa na walinzi ni vyuma vitupu. Majasusi wao wawili, waliopewa majina yao wenyewe, walitakiwa kupenya chini ya mnara wa watawala na kutoka na siri ya jiji. Walivaa sura za maadui, wakasalimiana na walinzi, wakapita. Asheri aliendesha wake kwa kiganja, kwa sababu ya lile gumba.

"Kaka, gumba lako nusu linaua kuliko langu zima!"

"Wewe endelea kujificha nyuma yangu. Ndiyo kazi yako."

Walicheka. Kwa muda ilikuwa kama zamani.

Kisha wakafika chini kabisa ya mnara. Vioo na vyuma vikaisha. Kuta zikawa za mawe yaliyopangwa kwa mkono, yaliyokandikwa udongo mwekundu. Mbele yao palikuwa na lango, na badala ya mtambo, gogo.

"Waliochora hii walifika Suji lini?" Asheri alitania.

Lukasi alichomeka kipaza sauti cha gemu.

Maandishi yalijitokeza. Mlango utafunguka iwapo mmoja atabaki ameshika gogo. Nani atabaki?

"Nitabaki mimi," Asheri alisema, kama mtu anayejibu salamu.

"Sema tena, kaka." Lukasi alimsogezea kipaza sauti mdomoni. "Sema hapa."

"Nitabaki mimi. Nenda basi!"

Jasusi wa Lukasi akavuka. Asheri akatabasamu. "Haya, niite."

Lukasi aliweka pedi yake sakafuni. Taratibu.

"Lukasi. Niite, tumalize."

Kwenye runinga maji yalimfika jasusi wa Asheri kwenye vifundo. Asheri alihisi baridi miguuni. Akatazama chini. Sakafu ilikuwa kavu. Soksi zake zilikuwa zimelowa.

"Mti niliukata mimi," Lukasi alinong'ona. "Tangu siku ile, kila ninapofungua maji, mwenye mti yumo ndani. Ananitazama. Alisema nibaki mimi, au abaki mwingine kwa hiari yake."

Asheri alijaribu kuachia pedi. Vidole havikufunguka.

"Ulijua nitasema nini."

"Hujawahi kusema lingine, kaka. Tangu utotoni."

"Basi niite. Jina tu, Luka. Jina moja."

Lukasi aliinuka. Aliichukua ile chupa ya maji ya Suji, akaifungua, akachungulia ndani yake kwa muda mrefu. Mabega yakamshuka. Hakuona kitu. Akanywa huku machozi yakimtiririka, akanywa yote, akafuta mdomo.

Kisha akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Maji yalifika magotini. Yakafika kiunoni. Asheri hakupiga kelele. Masikio yake yalikuwa mlangoni. Alisikia nyayo za mdogo wake zikisimama nje.

Akangoja.

Nyayo zikaondoka.

Kesho yake Yudith alimfuata mumewe. Alikuta sebule tupu na runinga inawaka. Pedi moja ilikuwa kavu. Ya pili ilikuwa ikidondosha maji yenye tope jekundu, tope la mlimani. Kwenye runinga mtu mmoja alikuwa ameshika gogo, maji kifuani, mgongo umeelekea chumba. Yudith alimwita mumewe kwa jina. Yule mtu akainua kichwa, akasikiliza, kisha akakiinamisha tena. Haikuwa sauti ya yule aliyeingia naye.

Lukasi alipatikana Lembeni, kwenye kibanda cha mama lishe, amezungukwa na bilauri tupu za maji. Alipokiri yote, ndugu wa ukoo wakampandisha Suji, wakamsimamisha ukingoni mwa ndiva mbele ya ukoo mzima.

"Mwite," Yudith alimwambia. "Shemeji, nakuomba. Yeye alikushikia mlango. Mwite kaka yako."

Lukasi alifungua mdomo. Akayatazama yale maji. Kitu alichokiona humo hakuna mwingine aliyekiona.

"Nikimwita," alisema polepole, "nitashuka mimi."

Akafunga mdomo. Hakuna aliyempiga. Watu walimgeuzia mgongo mmoja baada ya mwingine, wakashuka majumbani, mpaka akabaki na Yudith peke yake. Naye Yudith akamgeuzia mgongo.

Siku hizi hakuna anayeshuka kuziba lango la ndiva ile, kwa kuwa hakuna haja. Kila jioni hukutwa limezibwa, tope bado bichi, na ukingoni hapana unyayo wa mtu. Yudith huenda peke yake kabla jua halijazama. Hupiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya alama zilizokandamizwa kwenye udongo. Ni alama za mkono wa kushoto, vidole vinne vizima na gumba nusu.