Mstari wa Kurudi

Fundi Sweta, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hakuwa mtu wa mambo ya giza. Alikuwa mtu wa uzi. Kila alipomaliza sweta la mtu, donge lililobaki alilitia kapuni, na kapu lilishajaa mpaka linatapika.

Mchana mmoja, hana kazi ya mteja, akaamua kujaribu kroshia ya Kitunisia kwa masalia yake. Sindano yake ni ndefu, ina kulabu. Unakwenda ukikusanya vitanzi vyote juu ya sindano, kisha unarudi ukivifunga kimoja kimoja. Mkono ukatoka kapuni na uzi wa kijivu. Akaujua. Ulibaki kutokana na sweta ambalo marehemu mdogo wake alimfumia mumewe.

Mume huyo ndiye aliyemwambia mkewe mgonjwa kwamba anajidekeza, akamfungia mlango kwa nje, akaenda kazini. Aliporudi, mke alikuwa ameshapoa. Mazishini alilia kuliko wote.

Fundi akafuma mstari wa kwenda, akainuka kutazama maji jikoni. Alipokaa tena, mstari ulikuwa umesharudi. Vitanzi vimefungwa, vimekazwa mno. Mtu mmoja tu alikuwa akikaza uzi namna ile, mpaka wakimtania kwamba masweta yake husimama yenyewe.

Hakupiga kelele. Akafuma mstari wa pili, akageuza uso ukutani. Nyuma yake sindano ikaanza kugonga. Taratibu.

Kesho yake mtoto wa marehemu alipopita kumsalimu akitoka shule, alimweleza kuwa baba analalamika sweta limenywea, linambana kifua. Fundi akacheka, akasema mwambie apunguze kula. Lakini roho ilimsuuzika. Dawa ya moto ni moto. Akaendelea siku mbili nzima, yeye kwenda, mwingine kurudi.

Siku iliyofuata shemeji yake akaja mwenyewe, amemshika mtoto mkono. Mtoto amevaa lile sweta. Lilimkaa kama aliyepimwa.

Akaeleza kwamba yeye limemkataa, na kwa vile asubuhi ilikuwa na baridi, aliona heri limfae mtoto. Ila tangu njiani mtoto ameacha kusema.

Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya majivu.

Wakajaribu kulivua. Halikuvulika. Fundi akairukia kazi yake mezani, akavuta uzi ili ifumuke. Uzi haukutoka. Akavuta kwa meno. Mtoto akaanguka magoti.

Fundi akainama, mdomo juu ya uzi.

"Mdogo wangu," akanong'ona. "Huyu ni mwanao."

Uzi ukaachia. Wote, kwa mara moja. Sweta likamlegea mtoto mpaka magotini, naye akavuta pumzi kwa kilio.

Shemeji aliuliza kwa sauti ya chini kumetokea nini. Fundi alimvua mtoto sweta, akampeleka chumba cha ndani akalale. Aliporudi alilikung'uta, akalitazama. Lilikuwa pana tena, la mtu mzima. Akamnyooshea.

"Vaa, shemeji. Nje bado kuna baridi. Mtoto muache kwangu."

Shemeji akasita. Lakini alikuwa anatetemeka. Akalivaa.

Hatua zake zilipoishia barabarani, Fundi akaanza upya. Mstari mmoja wa kwenda. Akaweka sindano mezani, akaingia kwa mtoto, akafunga mlango. Akawa anamsugua mgongo.

Huko mezani sindano ikagonga. Safari hii haikuwa taratibu.

Jua halijazama, watu wakamkuta shemeji amekaa kitini kwake, macho wazi, amevaa shati jepesi tu. Sweta halikuonekana, si nyumbani, si njiani. Walioosha mwili ndio walionong'onezana. Ngozi yake, kutoka shingoni hadi kiunoni, ilikuwa imechorwa alama za vitanzi vilivyosimama wima, mstari chini ya mstari. Walipofika mstari wa sitini wakaacha kuhesabu.

Fundi alikuwa amefuma mmoja tu.